Kilo Tatu

Nilikuwa karani wa kituo,
darasa la nne B, shule ya msingi hapa Usoke.
Ukutani jedwali la kuzidisha,
mtu kafuta jibu la saba mara nane.
Tulihesabu kwa chemli mpaka kioo kikafuka:
Ndiyo, mia tatu na kumi na mbili;
Hapana, mia tatu na tisa;
na karatasi moja ya kalamu ya bluu,
mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema:
*Ndiyo, ila mbona hamkuuliza habari ya mbolea?*
Hiyo tukaiita imeharibika.
Niliitia mwenyewe kwenye bahasha, nikapiga lakiri.

Wiki ya pili redio ikasema
Ndiyo imeshinda nchi nzima, na sasa matokeo
yanapelekwa Dodoma, Bungeni,
yakajadiliwe.

Mama alikuwa anachambua tumbaku,
majani ya dhahabu huku, yenye madoa kule.
"Na nani?"
Wabunge.
"Siku ile wao hawakupiga?"
Walipiga.
"Kwa hiyo wanapiga tena."
Sikujibu. Akaendelea na madoa yake.

Jumamosi akaja Mheshimiwa Kashindye,
akasimama ghalani kwa chama cha msingi, kati ya marobota.
"Ndugu zangu, jina lenyewe linajieleza.
Kura ya ma-o-ni.
Maoni si amri. Mgonjwa husema panapouma,
dawa huandika daktari."
Watu wakacheka kidogo,
kicheko cha mtu anayedaiwa.

Mimi, nikiri, sikumwona mjinga.
Niliikumbuka ile karatasi ya bluu.
Swali lilikuwa na visanduku viwili tu,
na nchi hii imejaa watu wa ila,
watu wa lakini, watu wa tusubiri tuone mvua.
Ndiyo haijui kuandika kifungu cha sheria.
Hapana haijui kusahihisha hata nukta.
Lazima pawe na mahali pa kukaa na kubishana,
nikawaza, na kuona haya kwa kuwaza hivyo,

maana Mama alikwisha simama.
Vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku,
kanga imefungwa kiunoni kama anakwenda kuchimba.

"Mheshimiwa, robota langu nalipima nyumbani,
kilo hamsini na mbili.
Nafika hapa, mteuzi anatia mkono, ananusa,
anasema daraja la tatu,
na mizani yenu inasema arobaini na tisa.
Miaka thelathini sijui kilo zangu tatu zinakwenda wapi.
Sasa hata neno langu mmeliwekea mteuzi?"

"Mama, kwani wewe ulipiga ipi?"

Ghala likanyamaza. Nikasikia panya.

"Hapana.
Nilipiga Hapana, nikashindwa.
Mkiitengua hiyo Ndiyo, anayefaidi ni mimi.
Sitaki.
Niacheni nimeshindwa na hawa,
huyu mke wa Masele, huyu Ngassa na kikohozi chake,
hawa kesho nitawaomba chumvi.
Ushindi wa kuletewa kwa gari
nitauweka wapi?
Na wewe, baba, tulipokuchagua,
ile ilikuwa kura ya nini?
Haikuwa maoni?
Mbona hatukuipeleka kokote ikajadiliwe?"

Hakuna aliyepiga makofi.
Mheshimiwa akautazama ule mshale wa mizani
kama mtu anayetafuta saa,
akasema ataifikisha hoja.
Vumbi la gari lake likakaa hewani hadi adhuhuri.

Usiku nikamuuliza,
huku taa inavuta mafuta ya mwisho:
Mama, yupo mmoja aliandika *ila*.
Tulimtupa. Hakuhesabiwa Ndiyo wala Hapana.
Huyo naye tumfanyeje?

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani kalala.

"Huyo," akasema, "mpelekeni Bungeni.
Huyo ndiye kazi yao."

Kisha akaninyooshea mkono gizani,
nimpe ugwe afunge fungu la mwisho.